Akiba hii huoza: mwongozo kamili wa vifaa vya kichawi vya kutumika mara moja katika kampeni yako

Kampeni yangu ya kwanza ndefu, yaani mfululizo wa vikao vya mchezo wa kuigiza wahusika mezani, iliisha joka likiwa limelala chini na wachezaji wanne wakishangilia. Tulipotulia nikamwomba kila mmoja asome vilivyobaki kwenye karatasi ya mhusika wake. Dada aliyecheza mwizi alisoma kwa muda mrefu: chupa nne za uponyaji, magombo mawili ya maandishi ya uchawi, ushanga wa moto, mafuta ya utelezi, unga wa kutoonekana. Kikao kimoja kabla ya hapo, kuhani wa kundi lao alikufa hatua mbili kutoka pale mwizi aliposimama, na zile chupa nne zilikuwa kiunoni mwake. Nikamuuliza mbona hakuzitumia. Akajibu kwa unyofu kabisa: "Nilikuwa naziweka kwa siku mbaya."

Kosa lilikuwa langu. Tumelelewa na usemi kwamba akiba haiozi, na mchezaji aliyeshika kitu kisichorudi ataufuata usemi huo hadi kaburini. Msimamizi wa mchezo asipofanya jambo, vifaa vya mara moja huishia kuwa orodha kwenye karatasi. Tangu siku ile nimevitengeneza upya, kampeni baada ya kampeni, na hapa chini ni utaratibu ninaoufuata sasa. Unafaa kwa mfumo wowote wa mchezo, ila hesabu nitakazotoa zinatoka zaidi kwenye Dungeons & Dragons kwa kuwa ndio mfumo unaojulikana na wengi.

Uzuri wa kitu kinachokwisha

Mpe mhusika viatu vya kuruka vya kudumu, na tangu siku hiyo mito, kuta na mashimo yako yote yamepoteza kazi. Mpe chupa inayomrusha kwa saa moja, naye atapata alasiri moja ya kusimulia mwaka mzima. Kesho yake mto umerudi kuwa mto. Kwa sababu hiyo unaweza kuwapa wahusika wachanga nguvu ambazo zingevuruga kampeni kama zingebaki mikononi mwao. Kuna faida nyingine ndogo. Katika toleo la 5 la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2014, mhusika anaweza kujifungamanisha na vifaa vitatu tu kwa wakati mmoja kati ya vile vinavyodai kufungamana naye kabla ya kufanya kazi. Chupa na magombo havidai hilo, hivyo mchezaji halazimiki kuvua pete yake aipendayo ili kuvipisha.

Hatua ya 1: Anza na kitendo, namba baadaye

Kosa la kawaida ni kutengeneza kitu kinachoongeza 1 au 2 kwenye dadu. Hakuna anayekumbuka nyongeza ya 2. Jiulize badala yake: kitu hiki kitamwezesha mhusika kufanya nini ambacho asubuhi hii hakukiweza? Kupumua chini ya maji, kuzungumza na maiti, kusimamisha mlango unaoanguka, kunyamazisha chumba kizima. Ukipata kitendo, kiandike kwenye kadi moja, na kadi ijibu mambo matano: kinafanya nini, kwa muda gani, kinawashwaje, kikomo chake ni kipi, na kinaacha alama gani duniani kikiisha.

Hilo la tano wengi hulisahau, nami naliona ndilo lenye thamani kuliko yote. Nitaonyesha kwa kifaa nikipendacho zaidi kati ya nilivyotengeneza. Kadi yake inasema hivi:

Ufunguo wa Chumvi. Ufunguo mweupe, urefu wa kidole cha shahada, mchungu ukiulamba. Uingize kwenye kufuli lolote, la kawaida au la kichawi, nalo litafunguka papo hapo bila kelele. Ufunguo humomonyoka ukawa chembe. Kufuli hilo halitafunga tena kamwe.

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya kazi. Bila hiyo, ni kifaa cha kumpumzisha mwizi asirushe dadu. Ikiwapo, mchezaji anaanza kuwaza: mlango wa gereza usioweza kufungwa tena, lango la ngome, sanduku la mfalme. Ametoka kwenye swali la "kitafungua?" na kuingia kwenye swali la "nani ataumia kisipofunga tena?" Hapo ndipo unapomtaka awe.

Angalia pia kwamba kadi haina neno "labda" wala rusho la dadu. Kifaa cha mara moja kinachoweza kushindwa chenyewe huumiza maradufu: mchezaji amejikaza, ameamua kutoa akiba yake, kisha dadu inamwambia imepotea bure. Kama ni lazima adui awe na nafasi ya kukwepa, hakikisha akikwepa bado kunabaki nusu ya athari.

Hatua ya 2: Pima nguvu kwa hesabu

Hapa sihitaji maneno mengi, namba zinatosha. Katika toleo la 5, chupa ya kawaida ya uponyaji hurudisha jumla ya dadu 2 za pande 4 ukiongeza 2, yaani wastani wa pointi 7 za uhai, na bei yake ni vipande 50 vya dhahabu. Inayofuata hurudisha wastani wa 14, kisha 28, na ile ya juu kabisa wastani wa 45. Ukitengeneza kitu cha kuponya, kiweke kwenye ngazi hiyo. Ukitengeneza cha kuumiza, linganisha na mpira wa moto: uchawi wa daraja la 3 (daraja hupima uchawi, ngazi hupima mhusika), dadu 8 za pande 6, wastani wa 28 kwa kila aliyemo ndani ya duara, na mchawi huupata akifika ngazi ya 5.

Kwa bei, kanuni ninayoiamini zaidi ni ya zamani kidogo, ya toleo la 3 la mwaka 2000. Gombo: zidisha daraja la uchawi kwa ngazi ya mchawi, kisha kwa 25. Chupa: hivyo hivyo, lakini kwa 50. Fimbo yenye matumizi 50: kwa 750. Chukua uchawi wa daraja la 3 uliofanywa na mchawi wa ngazi ya 5: gombo ni dhahabu 375, chupa ni 750, na fimbo ni 11,250, ambayo ukiigawa ni 225 kwa kila tumizi. Tazama hesabu hiyo inavyofundisha. Chupa ni ghali mara mbili ya gombo, maana gombo linamtaka msomi wake, lakini chupa hata mpiga upanga asiyejua herufi moja anaweza kuinywa. Na anayenunua kwa wingi hulipa kidogo kwa kila tumizi, kama ilivyo kwenye bidhaa nyingine yoyote.

Nguvu kiasi gani basi? Mimi huruhusu kifaa cha mara moja kizidi kwa daraja moja au mawili uchawi wa juu kabisa ambao kundi linaweza kuufanya lenyewe. Zaidi ya hapo tukio linakuwa la kifaa, na mhusika anageuka mtazamaji. Magombo yana kipimo chao kizuri tayari: katika toleo hilo la 5, mchawi akisoma gombo la daraja asilolifikia, lakini la aina ya uchawi wake, hurusha dadu ya pande 20 na kuongeza nyongeza ya kipawa chake, akihitaji kufikisha 10 na daraja la uchawi huo. Mchawi wa ngazi ya 2 mwenye nyongeza ya 3, akisoma gombo la daraja la 3, anahitaji 13; atafaulu mara 55 katika 100. Akishindwa, maandishi yanafutika. Nimesema sipendi kifaa kinachoweza kushindwa, na gombo ndilo pekee ninaloliachia, kwa sababu mchezaji anaijua hatari kabla hajafungua mdomo na ameichagua mwenyewe.

Hatua ya 3: Punguza gharama ya zamu

Ukiona wachezaji wako hawanywi dawa vitani, usiwalaumu woga. Hesabu wanachokitoa. Kwa kanuni za 2014, kunywa chupa hula tendo lote la zamu. Mhusika anaacha kushambulia ili arudishiwe pointi 7, kisha zimwi linampiga 12. Amepoteza chupa, amepoteza zamu, na hali yake ni mbaya kuliko mwanzo. Meza nyingi zilijitungia kanuni ya kunywa kwa tendo la ziada, lile dogo linaloruhusiwa juu ya tendo kuu la zamu, na marekebisho ya 2024 yakaifanya kuwa kanuni rasmi. Kama bado mnatumia kitabu cha zamani, ichukueni leo.

Kwa vifaa vyako mwenyewe, fuata kipimo hiki: kitu kinachomsaidia mtumiaji peke yake kisile tendo zima, kinachobadilisha uwanja mzima kinaweza kulila, maana zamu yenyewe imeshakuwa tukio. Na vichache, vile vya kuokoa maisha hasa, viruhusu vitumike nje ya zamu, mwenzako anapoanguka. Laiti ningelijua hilo wakati wa yule kuhani.

Hatua ya 4: Fanya akiba ioze

Hiki ndicho kiini cha mwongozo huu. Mchezaji huhodhi kwa sababu tatu: hajui kama atapata kingine, hajui kama saa yake imefika, au amesahau kama anacho. Kila sababu ina dawa yake.

Ya kusahau ni rahisi kuliko zote. Usiandike kifaa kwenye karatasi ya mhusika. Kiandike kwenye kadi ya mkononi na mpe mchezaji ailaze mbele yake mezani, uso juu. Kikitumika, anaichana. Mlio wa karatasi ikichanika huwafanya wote mezani wanyamaze, na baada ya mara mbili tatu utaona wachezaji wanaitamani sauti hiyo.

Ya kutojua saa inatibiwa kwa kuwaonyesha mapema. Kabla kundi halijapata kifaa, acha adui akitumie mbele yao. Askari wa lango anasaga ushanga chini ya kisigino na ukungu unameza uwanja, anatoroka. Kikao kinachofuata wanakuta ushanga kama huo kwenye begi la askari mwingine. Huna haja ya kueleza lolote, wameshaona na wanaijua thamani yake. Njia ya pili ni kutoa viwili vinavyofanana. Cha kwanza watakijaribu kwa kuwa cha pili kipo, na baada ya kuonja utamu wa cha kwanza, cha pili hakikai. Na usifiche kazi ya kifaa. Zile chupa za rangi ya ajabu zisizojulikana ni za nini ndizo zinazokaa begini miaka nenda miaka rudi. Toleo la 5 lenyewe linaruhusu mhusika aonje tone moja na kutambua dawa. Tumia kanuni hiyo bila ubahili.

Ya kutojua kama atapata kingine ni ngumu zaidi, na ndiyo inayodai kuoza kwenyewe. Natumia dadu inayopungua. Kifaa kinapopatikana, kadi yake huandikwa dadu, tuseme ya pande 6. Mwisho wa kila kikao mwenye kadi anairusha. Ikitoka 1 au 2, dadu hushuka hadi ya pande 4. Ikitoka tena 1 au 2 kwenye ya pande 4, kifaa kimeharibika: dawa imechacha, jani limekauka. Kwa hesabu, kifaa kinachoanza na pande 6 hudumu wastani wa vikao 5. Kinachoanza na pande 4, vikao 2. Kinachoanza na pande 8, kikishuka hadi 6 kisha 4, vikao 9. Unachagua uhai wake kwa kuchagua dadu tu.

Jambo moja la kuzingatia. Msiianzishe kanuni hii katikati ya kampeni juu ya vitu ambavyo wachezaji wameshavipata; watahisi wameibiwa, nao watakuwa na haki. Iseme kikao cha kwanza, wazi, na uwaeleze sababu. Na usiiwekee kila kitu. Kwangu ni dawa, majani na vitu vya chakula tu ndivyo vinavyooza, huku chuma, mawe na mifupa vikidumu, na wachezaji wanauelewa mpangilio huo bila kufundishwa, kwa kuwa ndivyo ilivyo hata jikoni.

Halafu kuna adhabu ambayo msimamizi huitoa bila kujua: mchezaji anaamua hatimaye kurusha ushanga wa moto, nawe unatazama maandalizi yako na kusema kiumbe hiki hakiungui. Ukimfanyia hivyo mara moja hatajaribu tena hadi kampeni iishe. Kama kiumbe hakiungui, kionyeshe kikitembea juu ya makaa kabla vita haijaanza. Umeshachelewa? Basi mpe kitu kingine: moto haukumdhuru, lakini umeteketeza daraja alilosimama juu yake.

Hatua ya 5: Viweke mahali panapovidai

Sanduku la hazina ni mahali pabaya kuliko pote. Kifaa kinachopatikana mwisho wa pango, vita ikiwa imekwisha, kinaingia begini na kulala. Kiweke katikati ya pango, tukio moja au mawili kabla ya mahali kinapofaa, na uhakikishe kinafaa zaidi ya mahali pamoja. Ukiweka dawa ya kupumua majini mlangoni mwa chumba kilichofurika, umewapa ufunguo wa mlango, wala si uamuzi. Lakini ukiweka dawa moja ya kupumua majini, chumba kilichofurika, na mbele kidogo mfungwa aliyetupwa kisimani, hapo kundi litakaa na kujadiliana hasa.

Mahali pazuri kuliko pote ni kwenye mkono wa adui. Kila adui mwenye kifaa cha mara moja akitumie, au ajaribu kukitumia. Kamanda anapopeleka mkono kwenye chupa iliyoning'inia shingoni, mtu mmoja mezani atasema "naikamata!" na vita imepata kitu cha kugombewa mbali na pointi za uhai.

Kwa idadi, kundi la watu wanne nalipatia vifaa viwili kwa kila kikao katika vikao vitatu vya kwanza, ili mazoea ya kutumia yajengeke, kisha kimoja kwa kikao. Wakifikisha kadi nane mezani zisizochanwa, naacha kutoa kabisa na najiuliza ni wapi nimekosea hatua ya 4.

Kuhusu kuuza, weka ukuta mapema. Ikiwa gombo linaweza kugeuzwa dhahabu na dhahabu kugeuzwa upanga wa kudumu, watauza yote. Wafanyabiashara wa dunia yangu hununua vitu hivi kwa robo ya bei, kwa hofu ya kuuziwa bandia.

Hatua ya 6: Likija wazo la ajabu, likubali

Toleo la 5 lina unyoya mdogo ambao ukiugusisha ardhini unageuka mti wa mwaloni wenye urefu wa futi 60, kama mita 18, na shina lenye kipenyo cha futi 5. Niliuweka nikidhani watautumia kupanda ukuta. Badala yake, jeshi lilipokuwa likiwafukuza ndani ya ngome, na lango la chuma likianza kushuka kuwafungia, mpiga upinde wao aliugusisha unyoya ardhini chini ya lango lenyewe. Nilikuwa na sekunde chache. Kanuni hazisemi lolote kuhusu mti unaoota chini ya chuma kinachoshuka. Nikasema ndiyo: mti umelibeba lango hadi juu, vyuma vimejikunja kwenye matawi, wahusika wanapita pembeni ya shina.

Katika hali kama hiyo najiuliza maswali matatu tu. Je, inaingia akilini kwa kilichoandikwa kwenye kadi? Je, nguvu yake inaishia kwenye tukio hili? Je, ningefurahi adui akiwafanyia wao hivyo hivyo? Majibu matatu ya ndiyo, nakubali bila dadu. Swali la pili likipata hapana, nakubali na kuweka kikomo pale pale kwa sauti, wote wasikie. Mti ule haukuondoka. Vikao kumi na kadhaa baadaye walirudi mji ule na kukuta watu wanaliita Lango la Mwaloni, na haliwezi kufungwa usiku, na walinzi wameongezwa mara mbili. Hilo ndilo jambo la tano kwenye kadi likifanya kazi.

Kuhusu kuchanganya dawa mbili tumboni, kitabu cha msimamizi cha 2014 kina jedwali la hiari la dadu ya pande 100: ukipata 1, mchanganyiko unalipuka kwa dadu 6 za pande 10, ukipata 100, dawa moja tu inafanya kazi lakini athari yake inakuwa ya kudumu. Nalipenda jedwali hilo, ila walisome wachezaji kabla, si baada.

Vitatu vya kuanzia

Mbali na ule ufunguo, chukua hivi na uvibadilishe upendavyo.

Ushanga wa Mwangwi. Uweke mdomoni na useme jina la mtu uliyewahi kumsikia akizungumza. Sentensi moja utakayoitamka itatoka kwa sauti yake, kwa nguvu ya kusikika uwanja mzima. Ushanga hupasuka, na mtu huyo, popote alipo, anapotewa na sauti hadi alfajiri.

Mshumaa wa Marehemu. Uwashe kando ya maiti. Kwa muda unaowaka, kama dakika moja, maiti hujibu maswali, na kila jibu la kweli hufupisha mshumaa. Ukizimika, maiti hawezi kuulizwa tena kwa uchawi wowote.

Jani la Upepo, dadu ya pande 4. Ulipeperushe, na upepo utavuma upande mmoja unaouchagua kwa saa moja, eneo la kijiji kizima. Linakauka haraka, ndiyo maana manahodha hulilipia vizuri.

Katika kampeni iliyofuata nilimpa Ufunguo wa Chumvi dada yule yule wa chupa nne. Kadi ilikaa mbele yake vikao vitatu, na niliona anaigusa kila kundi lilipopita mlango. Waliupita mlango wa hazina, hakuutumia. Kisha wakafika chini ya bwawa, kwenye jitu la mto lililofungwa mnyororo shingoni na kulazimishwa kuzungusha magurudumu ya kinu cha adui. Wenzake walikuwa wanapanga jinsi ya kulipita bila kuliamsha. Yeye akaomba kujua kufuli la mnyororo lina tundu upande gani. Nikamwambia, chini ya kidevu. Akaishika kadi kwa mikono miwili, akamtazama kila mmoja mezani, akaichana.